Kopo la Msumarini

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, Hattie. Binti yako kachota maji kwa kopo la dobi, kanywa, kajifuta mdomo."

"Ana miaka tisa, Maude. Kiu ilimshika."

"Mambo huanzia kwenye kiu." Bi Maude Crandall aliegemea uzio, na akina mama wa barabara nzima walishatoka vibarazani kusikiliza. "Usipomwachisha kazi huyo dobi wako mweusi, Eula, Jumapili nalifikisha kanisani."

Imogene, binti mwenyewe, alikuwa amejikunyata chini ya ngazi za nyuma, anasikia kila neno. Kopo lenyewe lilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Miaka yote alidhani Eula kawekewa lake kwa heshima, kama babu alivyokuwa na kiti ambacho hakikaliwi na mwingine. Kumbe lilitengwa kama bakuli la mbwa.

"Basi," mama yake alisema. "Asije tena."

Eula naye alisikia; alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, kwenye pipa la kufulia. Hakuacha kazi nusu. Alisuuza shati la mwisho, akalianika pindo juu kola chini, hata kunjo moja halina, kwa maana Alabama nzima hakuna aliyeanika kama yeye. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kugeuza shingo.

Imogene alingoja uani patulie. Akalitungua kopo, akavuka reli kwenda mtaa wa weusi.

Nyumba ya Eula ilijaa watu na vicheko. Imogene hakuthubutu kupita mbele. Kwao, asiye wa rangi ya nyumba hubisha nyuma, naye hapa ndiye asiye wa rangi ya nyumba. Akazunguka hadi mlango wa nyuma, penye kuku, akabisha. Ndani hawakusikia. Akabisha tena, jua linamchoma utosini, na kila kicheko cha ndani alihisi anachekwa yeye. Akamkumbuka Eula akingoja hivi kwao, siku za mvua, kikapu kichwani.

Eula akafungua mlango.

"Wewe! Huku kwa kuku unatafuta nini?"

"Shikamoo, Bi Toliver. Nimeleta kopo lako. Nimekuja kuomba radhi."

Vicheko vikakatika. Mji ule, wazungu wakubwa kwa wadogo walimwita Eula, basi. Hilo "Bi" halijapata kutoka kinywani mwa mmoja wao.

"Eula," mumewe Lucius alisema kutoka mezani, "mtoto huyo akionekana hapa, watatuchomea nyumba."

"Wewe ndiye utakayemrudisha, kabla jua halijashuka." Eula hakuondoa macho kwa mtoto. "Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Jumatatu utakuja?"

"Siji. Mama yako keshasema, na mimi si wa kufukuzwa mara mbili." Alilipokea kopo, akaliweka chini, kuku wakalisogelea. "Ila radhi yako nimeipokea. Umekuja kwa miguu yako, na mama yako miguu anayo pia."

Imogene akageuka aende zake.

"Unakwenda wapi? Zunguka mbele. Nyumba hii wageni hupita mbele."

Alipofika mlango wa mbele, Eula alikuwa keshauacha wazi. Mezani kunde zilikuwa zinafuka moshi, na mkate wa mahindi.

"Nikae wapi?" Imogene aliuliza. "Sahani yangu ni ipi?"

"Yoyote, zote ni za watu. Lucius, sogea. Karibu ule, mwanangu, chakula kinapoa."