Vivuli vya Ijumaa

Siku sita za juma kivuli kilitua juu ya uzi. Ijumaa kilitua inchi moja mashariki yake.

Niliigundua inchi hiyo mwaka 1946, nikiwa nimepiga magoti kwenye paa letu bapa la sakafu, Mji wa Kale. Katikati ya paa nilikuwa nimesimamisha nondo ya futi tatu kutoka dukani kwetu, tulikouza misumari, bawaba na kufuli. Kila adhuhuri nilitia alama za penseli kwenye ncha ya kivuli chake, moja baada ya nyingine, mpaka kivuli kilipokoma kufupika na kuanza kurefuka. Alama ya kivuli kifupi kuliko vyote ndiyo niliyoiandika. Ilipaswa kuangukia uzi niliouvuta toka kaskazini hadi kusini, kivuli kiwe kimelala kaskazini, kama Januari, au kusini, kama Juni.

Sikuwa mwanafunzi wa mtu. Baba alipofariki niliacha shule nikashika duka, na fizikia niliisoma nyuma ya kaunta, katika vitabu alivyoniazima Crispus, karani wa reli aliyetoka bara. Yeye mwenyewe hakuna kitabu alichokifikisha ukurasa wa kumi. Lakini ndiye aliyenipigia chapa barua ya kuomba nafasi ya kusoma fizikia na elimu ya nyota katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Profesa alijibu kwa mistari minne. Kwa kuwa sikuwa na vyeti, nimpelekee daftari la mwaka mzima la kitu chochote nitakachokipima kwa mkono wangu mwenyewe. Angeamua kwa daftari hilo tu.

Mwaka ukatimia. Zilibaki wiki tatu meli ya barua iondoke, nami nina jua ambalo siku za Ijumaa lilikwenda linavyotaka.

Nilianza na nondo. Nikaishushia timazi, ilikuwa wima. Nikabadilisha uzi. Nikaweka sinia la maji sakafuni nione kama paa limeinama, halikuinama. Mwishowe nikafikiri mambo ambayo mpaka leo naona haya kuyaandika, kwamba Ijumaa watu wanapojaa misikitini huenda kisiwa chetu kinalemea upande mmoja. Nilipiga hesabu ya uzito wao, ukurasa mzima.

Crispus aliutazama ukurasa ule akaurudisha mezani taratibu.

"Ijumaa ni ngapi kwa mwaka?"

"Hamsini na mbili."

"Zirudishe kwenye uzi. Nani atapanda meli kutoka Uingereza aje kupima paa lako?"

"Na kama jua linafanya hivyo kweli?"

"Basi, Badru, jua limesilimu."

Ijumaa adhuhuri mimi huwa msikitini. Alama za siku hiyo alizitia dada yangu Firoza, na nilimfundisha mwenyewe. Nilikuwa nimefikiri kosa ni lake, nikaliacha wazo hilo. Alama zake zilikuwa nyembamba na safi kuliko zangu. Tena mtu akikosea hukosea huku na huku. Hizi zilikosea mahali pamoja, mwaka mzima.

Jumamosi ya mwisho nilikaa paani na daftari jipya, nikinakili. Kila nilipofika Ijumaa niliisogeza inchi moja. Firoza akapanda kugeuza malimau ya achari aliyoyaanika, akainama juu ya bega langu.

"Hizo si zangu."

"Ni zako. Nimezinyoosha."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akigeuza limau moja moja.

"Dada, ulikuwa ukingoja kivuli kifupi kuliko vyote, sivyo?"

"Nikae juani nusu saa na wali uko motoni? Mimi nasubiri adhana. Akiadhini natia alama moja, nashuka."

Mwadhini wa msikiti wa nyuma yetu alikuwa mzee asiyependa haraka. Hakuinua sauti mpaka awe na hakika kwamba jua limepinduka. Hakika yake ilichukua dakika sita, na dakika sita, kwa nondo ya futi tatu, ni inchi moja. Mara hamsini na mbili, bila kukosa.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Jua halikuwa na kosa, na bado sikujua la kufanya. Daftari la kwanza lingemwonyesha profesa mkono usio wangu. La pili lilikuwa na uongo hamsini na mbili.

Firoza alinyanyua ungo wake. "Kama nitakuharibia safari, nifute. Lakini usiandike namba ambazo hatukuzipima."

Jumatatu nilikwenda posta na madaftari yote mawili kwapani. Ningependa kusema kwamba njiani niliamua. Sikuamua. Zamu yangu ilipofika, karani alinyoosha mkono, nami nikamwomba kalamu. Kwenye jalada la daftari la kwanza niliandika: Siku za Ijumaa amepima dada yangu, Firoza Adamji, kwa adhana. Nikampa hilo, kabla wino haujakauka.

Jibu lilichukua miezi minne. Nafasi nilipewa. Juu ya Ijumaa profesa aliuliza jambo moja tu: utakapokuja huku, je, dada yako ataendelea?

"Mwambie nitaendelea," Firoza alisema. "Lakini kwa adhana."

Chuoni sikuelewa mengi. Nilikaa katika vyumba vya baridi nikinakili kutoka ubaoni alama za hesabu ambazo wenzangu walizizoea tangu utotoni, na Desemba adhuhuri kivuli changu kililala barabarani kirefu kama cha jioni. Kila mwezi zilifika namba za Firoza. Sasa siku zote saba zilikuwa inchi moja mashariki ya uzi. Nilizisoma kama mtu anavyosoma salamu.

Kisha, Februari 1949, kuanzia tarehe tisa, inchi ikawa nusu inchi.

Nilihangaika upya. Nikafikiri nondo imepinda, au mtu amesogeza uzi. Nikajaza kurasa. Wiki ya tatu nikakumbuka kuuliza.

Jibu la Firoza lilikuwa fupi. Nondo iko wima, aliandika, na uzi haujaguswa. Yule mwadhini wetu amefariki, tarehe nane. Aliyeshika nafasi yake ni kijana, ana haraka.

Barua niliisoma dirishani, chini ya saa ya chuo, ikigonga adhuhuri. Nikaishika vivyo hivyo mkononi, wazi, na dakika sita zilipopita nikaikunja.