Mapazia ya Mteja

Afisa wa ufadhili wa masomo alilishika pazia kwa vidole viwili, akalifinyafinya kama mtu aliyeko dukani.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Nimeshona mwenyewe," Fundi akajibu, kifua mbele.

Cherehani yake ilikuwa imesukumwa chumba cha ndani na kufunikwa shuka. Makochi yalikuwa ya jirani; yalivushwa uani asubuhi ile kwa kelele na vicheko. "Shoga, mtu wa ofisi utamkalisha kwenye ndoo? Utuaibishe mtaa mzima!" Mapazia yenyewe yalikuwa ya mteja, yakingoja kuchukuliwa Jumamosi. Fundi aliyatundika kuziba nyufa za ukuta. Ndivyo alivyolelewa: mgeni haonyeshwi dhiki.

Afisa alikaa, akanywa soda, akashukuru vizuri sana. Akaandika maneno machache, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye binti yake alirudi na karatasi aliyoikunja mara nne.

"Wameninyima, mama. Ada yote juu yetu, la sivyo nafasi ya chuo kikuu anapewa mwingine. Wanasema familia ina uwezo."

"Uwezo upi?"

"Makochi. Na mapazia ya kitambaa kizito. Wameandika hivyo hivyo."

Fundi alicheka.

"Rufaa mwisho kesho," binti akasema. "Tuwaombe waje tena, wakute patupu. Hata godoro tulifiche."

"Godoro letu wenyewe? Mwanangu, mimi sikuigiza utajiri, nilimheshimu mgeni. Na ufukara siuigizi. Lete kalamu."

Kesho yake, zikiwa zimebaki dakika chache ofisi ifungwe, zamu ya Fundi dirishani ikafika. Afisa alikuwa yule yule. Alimtambua, akaangalia pembeni.

"Mama, sisi tunaandika tunachokiona."

"Uliuliza kochi ni la nani?"

"Fomu haina swali hilo."

"Nilikwambia nimeshona. Uliuliza namshonea nani?"

Afisa akapangapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Ulikunywa soda yangu, baba, ukashukuru, ukatoka hapo ukaenda kunichongea!"

Mstari ukaguna. "Mimi walinihesabia kuku wa shemeji!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Fundi akapenyeza barua yake chini ya kioo, kidole kimoja kikiishikilia pembeni. Aliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, zilizonyooka kama mshono: *Makochi ni ya jirani. Mapazia ni ya mteja. Binti ndiye wangu.* Chini yake jirani alikuwa amebonyeza dole gumba, na mteja ametia sahihi.

Afisa akasoma. Akarudia.

"Haya, iache hapo. Nitaiangalia."

"Gonga muhuri kwanza kwamba imepokelewa leo. Nione kwa macho yangu."

"Mama, muda umekwisha."

"Haujaisha. Saa yako hiyo hapo ukutani."

Kidole chake, kilichojaa alama za sindano, kilikuwa bado kimekandamiza pembe ya barua, nacho hakikutikisika. Afisa alikitazama. Akatazama saa. Akavuta droo, akatoa muhuri, akaugusisha kwenye wino.

Mkono wake ukabaki hewani, juu ya barua. Nyuma ya Fundi mstari mzima ulisogea hatua moja mbele.