Aliyeingia Jumanne

Mume wangu alikwenda mbali kutafuta kazi ya mgodini. Haukupita muda simu yake ikazimika, haikuwaka tena. Mtoto wetu akaota meno, akasimama dede, akatembea. Baba mtu kimya. Wengine walituambia shimo liliporomoka. Wengine wakasema waliotoka walitawanyika, kila mtu na lake.

Kabla hajaondoka tulikuwa tukisoma kompyuta pamoja, darasa la jioni. Masomo yale hufunguka popote penye mtandao, na ukiandika neno lako la siri, kioo hukuonyesha kwanza mara ya mwisho ulipoingia. Neno lake nalijua: ni jina la utani alilompa mtoto tangu yumo tumboni. Jumanne moja nikajikaza, nikaingia kwa jina lake. Kioo kikasema aliingia mwisho wiki ileile aliyoondoka.

Mama mkwe hakulia. "Utaangalia tena, mwanangu. Huyo tangu utoto ni mtu wa kuchelewa."

Ijumaa nikaangalia. Mara ya mwisho: Jumanne, jioni.

Sijui nilifikaje nyumbani. "Mama! Ameingia! Jumanne hii hii!"

Alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. "Kulikoni, bibi, umepata mchumba?"

"Nyamaza, kibogoyo wee! Mwanangu yu hai!"

Kesho yake alifua shuka za mwanawe, akazianika, akatandika kitanda.

Jumatatu nilikaa darasani, nikaingia kwa jina langu mwenyewe. Kioo kikaniambia niliingia Ijumaa. Ndiyo, Ijumaa nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Na Jumanne je?

Nilimkuta mama mkwe anapiga pasi shati la mwanawe.

"Mama, yule wa Jumanne ni mimi."

"Wewe vipi? Si ulikuwa shule?"

"Niliingia kwa jina lake. Mashine haijui sura, mama. Nyayo nilizoziona ni zangu."

Pasi ilitulia juu ya kola mpaka ikanuka. Nikaiondoa mkononi mwake.

Mtoto alikwisha lala mama mkwe aliponiambia: "Basi usiingie tena. Ukiingia wewe, tutajuaje akiingia yeye?"

Sijaingia. Kila jioni naandika jina langu tu. Muhula ukiisha nitafungua la kwake, mara moja tu. Shuka bado zimetandikwa. Mtoto tumemkataza kuzikanyaga.