Hana Nyongo

Papa Munguakonkwa alikuwa karani wa shule ya parokia, lakini hakuna aliyemjua kwa hilo. Watu wa Goma walimjua kama msemaji wa mahari. Mwenye binti wa kuoza au kijana wa kuoa alimfuata yeye, kwa sababu alijua nani aketi wapi, nani asalimiwe kwanza, na neno gani halitamkwi mbele ya wakwe. Inasemekana aliwahi kuokoa ndoa tatu kwa kukohoa tu, kila kikohozi kwa wakati wake.

Kazi hiyo ina hatari yake, na hatari yenyewe hukaangwa. Kila Jumamosi ni mbuzi, kila Jumamosi ni ndizi zinazoogelea kwenye mafuta, na msemaji akikataa sahani ameitukana nyumba. Siku moja, saa mbili baada ya karamu, maumivu yalimkamata chini ya mbavu za kulia, yakazunguka mgongoni, yakapanda hadi bega, yakamketisha juu ya mawe ya volkano akiwa na suti yake. Yalipopita akainuka, akajipangusa suruali, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata yakarudi.

Majirani walisema ni sumu. Kwa mtu anayekula katika nyumba hamsini tofauti kwa mwaka, washukiwa hawakukosekana. Kwa miezi mitatu alikunywa dawa ya mama mmoja wa Rutshuru, akatapika kila kitu isipokuwa ugonjwa. Mkewe, Élodie, alikuwa Bukavu akimwangalia binti yao aliyejifungua. Siku aliposikia kwa simu kwamba maumivu sasa hayaondoki na homa imeingia, hakutaka maelezo.

"Kwenda hospitali leo," alisema. "Nakutumia Mama yangu akulinde kule hospitali." Akakata simu kabla mumewe hajajibu.

Hospitalini, daktari Kambere alimpitisha kwenye mashine ya ekografia, akamwonyesha kifuko kidogo kilicholala chini ya ini, ndani yake vitu vinavyong'aa.

"Ni mawe, papa. Ini ndiyo inatengenezaka nyongo, muchana na usiku. Hii kifuko kazi yake ni kuiweka. Ukikula mafuta, inajikamua, inatuma nyongo mu tumbo ili mafuta iyayuke. Ya kwako ilikaa, ikakuwa nzito, ikaganda. Sasa kila mbuzi unakula, kifuko inakamua mawe. Jiwe moja ilifunga mulango, kifuko imewaka moto. Jiwe ikiteremuka mu mufereji ya ini, macho itakuwa manjano, na pale ni mambo ingine. Tunakupa antibiotiki, kisha tunakitoa."

"Kifuko chote?"

"Chote. Tukitoa mawe tu, itatengeneza ingine. Nyongo itaendelea kutoka mu ini, itateremuka yenyewe polepole. Mutu anaishi muzuri bila hii kitu."

Munguakonkwa alifikiri kidogo. "Kwa hiyo watu watasema sina nyongo."

Daktari alicheka. Hakujua neno hilo linagusa wapi.

Miaka ishirini na minne nyuma, siku ya kwanza alipofika kwa kina Élodie kule Bukavu, kijana Munguakonkwa aliomba njia ya chooni. Akipita nyuma ya jiko alisikia, kupitia mbao za ukuta, sauti ya mama wa binti ikiwaambia wanawake wenzake, "Ule kijana hana nyongo." Hakungoja neno la pili. Alirudi, akaketi, na mgongo wake haukugusa kiti tena. Hana nyongo: yaani mnyonge, mtu wa kumwagiwa maji naye akasema asante. Hata hivyo alimpata binti, na sikuzote aliamini amempata kwa hisani ya wajomba wa binti.

Tangu siku hiyo Mama Nsimire, mama huyo wa binti, hakupewa ushahidi mwingine wa unyonge. Kwao Munguakonkwa, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Sawa, hiyo ni desturi. Yeye akaongeza ya kwake: hakupiga chafya mbele yake, hakuegemea, hakucheka, na chai alikunywa kikombe kimoja, wima, akitazama ukuta. Wanawake walimsifu Nsimire kwa kupata mkwe wa heshima namna ile. Nsimire alijibu "Ndiyo," akauliza habari za mihogo.

Basi, huyo ndiye aliyefika kutoka mtaa wa Majengo, hapohapo Goma alikohamia, asubuhi ya upasuaji, na termosi, rozari, na kiti chake mwenyewe cha plastiki. Alikiweka hatua mbili kutoka kitandani, akaketi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ilianza kesho yake, na ililetwa na muuguzi Sidonie, dada mwenye sauti ya kuuzia samaki.

"Papa Munguakonkwa! Gaz ilishatoka?"

Tumbo likifunguliwa, utumbo hulala. Namna ya kujua umeamka ni upepo kutoka kwa njia yake ya asili, na katika chumba kile mgonjwa ambaye hajautoa hapewi chakula wala maji. "Gaz" ni neno la Kifaransa na la hospitali. Kiswahili kina neno lake, nalo Munguakonkwa hakuwahi kulitamka tangu apate kipaimara. Sasa wagonjwa wote wa chumba walikuwa wakingoja jibu, na Mama Nsimire alikuwa akihesabu shanga zake.

"Nashukuru kwa ulizo," alisema Munguakonkwa. "Tutaleta jibu."

"Ni ndiyo ao hapana?"

"Mazungumzo inaendelea."

Sidonie aliandika hapana.

Siku ya pili ikawa vilevile. Mara mbili upepo ulifika mlangoni, na mara mbili aliurudisha kwa nguvu zote zilizobaki mwilini, jasho likimtiririka, huku mama mkwe akimtazama. Midomo ilikauka. Tumbo likaanza kujaa. Jirani wa kitanda cha pili, mzee Onésime, mfugaji wa Masisi aliyevunjika mguu, alilichunguza kwa macho ya kitaalamu.

"Ng'ombe ikivimba hivi," alisema, "kwetu tunaitoboaka hapa." Akaonyesha mahali kwa kidole.

Munguakonkwa alimshukuru kwa ushauri.

Mama Nsimire hakuwa mjinga. Siku hiyo alitoka mara nne kwenda kuangalia nguo alizoanika kwenye uzio, na nguo zenyewe zilikuwa taulo moja. Lakini tumbo halifuati ratiba ya mtu. Akiwa nje, lilinyamaza kama kanisa la Jumatatu. Akirudi na kuketi, likaamka. Munguakonkwa akajifunika shuka hadi kichwani, akampigia mkewe, akamnong'oneza yote.

"Élodie, tafuta mutu mwingine wa kunilinda."

"Mutu gani? Mutoto wetu Cédrick iko Butembo kwa masomo, mi niko na mutoto wa siku nane mu mikono. Toa tu hiyo kitu."

"Mbele ya mama yako?"

"Alizaa batoto saba. Unazania hajue tumbo? Mficha uchi hazai, papa."

Ni methali ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitumia mbele ya wakwe wa watu, mara nyingi, na kwa mafanikio. Alikata simu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, daktari Kambere alibonyeza tumbo, akasikiliza kwa kipimo chake, na hakucheka.

"Nasikia inatembea. Ni weye unaifunga? Papa, nangoja mpaka saa kumi. Kama hakuna kitu, tunapitisha mupira mu pua mpaka mu tumbo. Na kama inaendelea kuvimba, inaweza kulazimu tufungue tena."

Daktari akaondoka. Munguakonkwa aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alimwona Élodie akishuka kwenye boti kutoka Bukavu na kukuta kitanda kitupu, na watu wakimweleza mumewe amekufa kwa adabu. Hata hivyo, upepo ulipokuja tena saa tisa na dakika ishirini, wenye nguvu kuliko yote iliyotangulia, aliuma meno na kushika chuma cha kitanda. Kufa alikuwa hajawahi kujaribu. Aibu aliijua.

Mama Nsimire aliiona mikono ile. Akasimama. Akapiga ishara ya msalaba, na kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, akaanzisha litania ya Bikira Maria.

"Mlango wa mbingu!"

"Utuombee," walijibu wagonjwa wachache, wakishtuka.

"Kwa nguvu! Mugonjwa haombewake na sauti ya panya! Nyota ya asubuhi!"

"UTUOMBEE!" Hata Onésime, ambaye ni Mprotestanti na hana mazoea na mambo hayo, aliitikia kwa heshima ya jirani.

"Afya ya wagonjwa!"

"UTUOMBEE!"

Hapo ndipo Munguakonkwa alipoachia. Ilichukua muda. Mama Nsimire aliendelea bila kugeuza kichwa, akafika hadi Makimbilio ya wakosefu, na alipoona mikono imeacha chuma, akafunga sala, akaketi.

Sidonie aliingia mbio kuuliza nani amekufa. Alipoambiwa hakuna, akakumbuka kazi yake. "Papa, na gaz?"

Munguakonkwa alitafuta maneno. "Wageni," alisema, "wameaga."

"Wageni gani?"

"Ilitoka," alisema Mama Nsimire, akipanga shanga zake. "Pale kwa 'Afya ya wagonjwa.' Andika."

Sidonie aliandika, akaweka na saa.

Maji yalikuja kwanza, kijiko kwa kijiko, na kesho yake asubuhi daktari akaruhusu mchuzi mwepesi usio na tone la mafuta. Alileta pia kichupa chenye mawe kumi na moja ya kahawia. Onésime aliomba kukishika, akakitikisa sikioni.

"Basi, muzee," alisema, "sasa hauna tena nyongo."

Munguakonkwa alifumba macho. Miaka ishirini na minne ya mgongo ulionyooka, na neno lilikuwa limemfuata hadi hapa, likasemwa wazi, mbele ya yuleyule.

"Huyu?" alisema Mama Nsimire, akikoroga mchuzi. "Hajakuwaka nayo. Nilisemaka tangu siku ya kwanza, kule Bukavu. Bajomba ba mutoto balikatala, banasema ni karani tu. Mi nikasema, ule kijana hana nyongo, haweke mutu kinyongo mu roho, mumupe mutoto wangu. Nilikaza siku mbili, hata chakula nilikatala kupika."

Munguakonkwa alifumbua macho. Alivifikiria vikombe vile vya chai, kimoja kwa kila ziara, wima. Aliona haya, kisha akaona uchungu wa miaka yote ile, na nyuma ya uchungu kikapanda kitu ambacho hakuwahi kukionyesha mbele ya mwanamke huyu. Daktari alikuwa amemkataza kucheka kwa sababu ya mshono. Alicheka. Mshono uliuma, akaendelea kucheka, na katikati ya kicheko tumbo nalo likasema neno lake, kwa sauti, na hakukuwa na litania.

Onésime alitazama dari.

Mama Nsimire alipuliza kijiko cha mchuzi. Tangu kuzaliwa kwa mjukuu wake wa kwanza hakuwahi kumwita mkwe wake jina lingine ila Papa Cédrick.

"Fungua kinywa, mutoto wangu," alisema.

Akafungua.