Bawa Lisilong'aa

Kazi ya kwanza asubuhi katika banda la vipepeo ilikuwa kubadilisha maji ya sukari, na hapo ndipo dada alipoona chupa ikijimimina yenyewe. Hakushtuka. Ilikuwa imeshikwa na mdogo wake, ambaye tangu juzi alikuwa akipotea kidogo kidogo, yeye na nguo zake. Sasa alikuwa amebaki mstari wa kahawia tu pembezoni, kama wale vipepeo wa mabawa ya kioo waliotulia kwenye wavu. Nyumbani mama yao alimwambia tu avae bangili zinazolia, watu wasije wakamkanyaga.

Msimamizi aliingia saa ya chai. Mkono wake haukuwa na adabu, na kila mwanamke wa pale alikuwa ameshaujua. Siku za karibuni alikuwa akimwandama mdogo. Leo alimpita, akatazama maua yaliyokuwa nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwa dada.

"Leo uko peke yako," alisema, akamshika kiuno.

Dada aliona wivu. Hakuwahi kumwonea mdogo wake wivu kwa sura wala kwa wachumba. Alimwonea kwa hili: kupitwa.

"Umefanyaje?" dada alimuuliza mdogo wake, msimamizi alipoondoka.

"Sijui, dada. Nilitamani tu asinione."

"Kwani mimi nimeanza kutamani leo? Usinifanye mtoto."

Mdogo aliinua chupa nyingine, akaendelea kumimina.

Kesho yake dada alijipaka mafuta mikononi, shingoni, hadi nyuma ya masikio, akajisugua kama anayesafisha dirisha, akitaka naye awe kioo. Wivu ulimsahaulisha jambo ambalo yeye mwenyewe huwaeleza wageni kila Jumamosi: vipepeo hawa hawaponi kwa kuwa kioo tu, wanapona kwa sababu mabawa yao hayang'ai. Mwanga unapita bila kurudi. Kinachomwita ndege ni mng'ao.

Msimamizi alimwona tangu mlangoni.

"Eh! Leo umewaka!"

Njia kati ya meza ilikuwa nyembamba. Dada aliutazama ule mstari wa kahawia uliokaa kitini kando ya njia, akingoja bangili zilie, chupa ianguke, chochote kile. Mdogo alizibana bangili kwa mkono wa pili. Kisha kiti chake kikasogea ndani, taratibu, msimamizi apate pa kupita kumfikia dada.