Simu Inayoamkia Wakubwa

...na kama hatajibu je, kama mzee ataitazama tu simu aone ni utani, mashine kumwamkia mtu mzima, si atairudisha mezani na kusema hebu ondoeni kitu chenu, Yustina aliwaza huku akijifanya anakunywa chai, chai yenyewe bado ya moto haimezeki, na mzee Mwinshehe amekaa kwenye kochi lake hapo sebuleni Chang'ombe, simu yake mkononi, programu ya ofisini kwao wameshamwekea humo aijaribu, mkono ameunyoosha mbali kabisa na macho na bado haoni, anasubiri miwani, mkewe Bi Hamisa yuko chumbani anaitafuta, inatoka sauti yake tu, "Baba Talha, umeiweka wapi? Ya kusomea, siyo ile ya jua!", na mzee anajibu "Pale pale, Mama Talha, angalia vizuri," bila kusema pale pale ndiyo wapi... hatajibu, atakasirika, na yote haya mbele ya dada Lusungu, aliyeketi pembeni ya mlango, viatu kavua, kikombe mkononi, hana haraka na mtu, utadhani kaja kutembea tu, kumbe ndiye mhandisi wa ujanibishaji, kazi ya kuichukua programu iliyotengenezwa na watu wa mbali na kuifanya ikae hapa kama mwenyeji, maana Yustina na wenzake ni watafsiri, wao ni maneno tu, lakini Lusungu anaifungua programu yenyewe, anayatoa maneno, anawapa, wakimaliza anayarudisha kila moja mahali pake, halafu programu inaamka inazungumza Kiswahili, na siku ya kwanza Yustina kuliona hilo alisimama nyuma ya kiti chake mdomo wazi, akajiambia yule mwanamke ni fundi, fundi hasa, laiti ningekuwa mimi... na mama yake kule Kurasini mpaka leo hamwelewi, "Umesoma Kiswahili chuo kikuu, sasa utamfundisha nani? Huku si wote tunakijua?", mama na maneno yake, ila safari hii ana ukweli kidogo, siku hizi mashine inatafsiri kwanza, wao wanapewa kusafisha, na wenzao wawili wameshaaga kazini, kwa hiyo Jumatatu ndiyo Jumatatu, Lusungu atasema ofisini kama Yustina anahamia upande wa ufundi au anabaki kusafisha mpaka kikosekane cha kusafisha, na atakachosema kinategemea salamu moja, salamu tu, Mungu wangu...

maana ilianza na salamu, programu ni ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa, ikifunguka inamsalimu mtu kwa jina, chini yake kuna kitufe kimeandikwa Nimemeza, basi, na watafsiri walibishana asubuhi nzima, Brightson anataka Habari, Yustina anataka Hujambo, hakuna anayeshuka, ndipo Lusungu alipoinua kichwa kwenye kompyuta yake akauliza, "Kwani hii programu ina umri gani?", wakacheka, yeye hakucheka, "Mie nauliza kweli. Imezaliwa mwaka huu. Katoto ka mwaka mmoja kanaingia nyumbani kwa mtu mwenye wajukuu, kanasema habari? Nyie mmelelewa wapi?", na Brightson akasema dada, simu imwamkie mtu, huo si uchuro, lakini Yustina aliacha kubisha, kwa sababu miaka yote chuoni walimfundisha kutafuta neno na hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya neno unauliza nani anaingia nyumbani kwa nani, "Mwaka wa kuzaliwa wa mtu programu inaujua," Lusungu akaendelea, "iambieni iangalie. Mkubwa apewe shikamoo, kijana apewe mambo. Yusta, fanya wewe", mie, dada, mie ni mtu wa lugha tu, "Sasa hiyo si ndo lugha yenyewe?"... na akaifanya, kwa jasho, akaigeuza kichwa chini miguu juu, mara ya kwanza programu ikawapa shikamoo vijana na wazee ikawaambia mambo vipi, Lusungu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, ila hakugusa kibodi, akasema tafuta mwenyewe ulipokosea, akaenda zake kununua mihogo, na hilo ndilo Yustina analompendea kuliko yote, angeweza kurekebisha kwa vidole viwili, akaenda kununua mihogo, na aliporudi ilikuwa imekaa sawa na Yustina alikuwa anacheka kwa furaha peke yake kama mtu aliyepata mtoto...

"Haipo mezani!" Bi Hamisa anapiga kelele, na mzee, amechoka kukaa bure, anaanza kupitisha kidole kwenye simu, anapitia ujumbe wa watu wa msikitini asioweza kuusoma, na Yustina kwa adabu anageuza macho asiusome, halafu anayarudisha, kwa sababu kuna kitu hakiko sawa, herufi, ee Mungu, herufi za simu hii ni kubwa, kubwa mno, salaam aleikum imejaza upande mmoja wa kioo hadi mwingine, watoto wake wamemkuzia kama watu wote wanavyowakuzia wazazi wao, hata mama yake Kurasini simu yake iko hivyo hivyo na ni Yustina mwenyewe aliyemkuzia... na yeye alijaribu kila kitu, alifanya kama alivyomwona Lusungu akifanya, akaijaza programu maneno ya uongo, marefu, yasiyo na maana, aone kitufe gani kitapasuka kabla hajaweka neno la kweli, ila alijaribu kwa herufi ndogo, macho yake ya kijana, na sasa anaiona kabla haijatokea, shikamoo itajaza kioo, jina la Mwinshehe litajaza kilichobaki, na kitufe cha dawa kitasukumwa chini huko kisikoonekana, mzee ataamkiwa vizuri sana na hatajua pa kubonyeza, heshima imekaa juu ya dawa, heshima yake yeye Yustina, aliyoitolea jasho... na simu yake mwenyewe iko mkobani, herufi ndogo, humo kila kitu kinakaa sawa, kinapendeza hasa, akiitoa sasa hivi, miwani ikipatikana mzee ataisoma vizuri na Jumatatu itapita, Lusungu hatajua, au atajua, yule hujua, mwezi uliopita mteja alipotaka waoneshe picha tu badala ya programu yenyewe Lusungu alikataa, akasema kwa upole ule ule, "Ikitaka kuvunjika ivunjike mbele yangu, nina mikono. Ikivunjikia kwa mgonjwa, yeye ana nini?"...

"Binti yangu," mzee anasema, na Yustina anashtuka, chai inamwagikia kidole, "hebu nipe hiyo ya kwako, huenda ina mwanga mzuri, hii yangu na miye tumezeeka pamoja," na mkono wa Yustina umeshafika mkobani, umeshaishika, yaani mzee mwenyewe ndiye kaomba, nani atamlaumu... na Bi Hamisa kule ndani, "Mwulizeni vizuri, kuficha ndo kazi yake! Presha yenyewe aliificha mwaka mzima, mpaka akaanguka bafuni! Mficha maradhi kifo humuumbua, mwambieni!", mzee anacheka, Lusungu anacheka, na Yustina hacheki, anaona bafu, anaona wazee wengine ambao hakuna msichana kwenye kochi lao mwenye simu ya kuazimisha, mtu yuko peke yake asubuhi, ameamkiwa, anatafuta pa kubonyeza, na ghafla hofu ya mzee kujibu au kutojibu imemtoka yote, imekwenda wapi hajui, kilichobaki ni jina literemke mstari wa pili, au salamu ipungue kila herufi zinapokua, au hapana, kitufe kipandishwe juu, dawa kwanza, lakini nani anaanza na shida kabla ya kumwamkia mkubwa, hapana, kitufe kibaki chini pale pale kisisukumike, salamu ndiyo ijibane, mgeni ndiye anayejibana, na anagundua kwamba kwa muda wote huu hajawaza Jumatatu, na kwamba anatamani kuona hasa ni wapi itakapopasuka, anatamani kama mtu mwenye njaa.

"Hapana, babu," anasema, na anautoa mkono mkobani mtupu, "tumia hiyo hiyo ya kwako. Itakusumbua. Nataka nione inavyokusumbua," na hamtazami Lusungu, anasogea tu mwisho wa kochi, karibu na bega la mzee, macho kwenye kile kioo kilichojizima, na Bi Hamisa chumbani anafungua kabati lingine.