Miguu Iliyorara

Eugenia alikuwa amechoka kabla hata hajawasha kompyuta. Si uchovu wa kukosa usingizi, maana usingizi alikuwa anaupata. Ni ule wa kubebeshwa kazi isiyo yako kwa sababu tu siku moja ulionekana ukirekebisha printa. Hospitali ile ya binafsi pale Tarime mjini ilimwajiri akae dirishani, apokee wagonjwa na simu. Tovuti ilimfikia kama mtoto wa jirani anayeachwa kwako mara moja tu, na mama yake asionekane tena.

Bwana Sylvester, msimamizi wa hospitali, ndiye aliyerudi na jambo hilo kutoka semina Mwanza. Kila daktari awe na ukurasa wake, na mtu akigugo tu, ukurasa huo utokee juu. "Daktari asiyeonekana kwenye simu hayupo," alisema, na tangu hapo hakikupita kikao bila kulirudia neno hilo. Wauguzi wakawa wanalimalizia naye kwa midomo, bila sauti.

Madaktari wengine hawakuwa na shida. Wa meno anatafutwa na jino lenyewe. Shida ilikuwa Dokta Olima.

Thadeo Olima alikuwa daktari wa mifupa, Mjaluo mkimya ambaye shangazi zake wote wako ng'ambo ya mpaka. Kila Alhamisi alikuwa na kliniki ya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani, nyayo zikitazamana, kiasi kwamba mtoto akianza kutembea anakanyagia ubavu wa mguu. Kitabuni unaitwa mguu kifundo. Ukiwahi, mara nyingi hakuna haja ya upasuaji mkubwa: mguu unanyooshwa taratibu, unafungwa POP, ile plasta ngumu, wiki inayofuata unafunguliwa, unanyooshwa tena. Ukichelewa, kazi inakuwa nyingine kabisa. Eugenia alimwona kwa macho yake mtoto kutoka Nkende aliyeletwa mgongoni, akaja kuagwa akikimbia koridoni, akaipiga teke ndoo ya deki na maji yakamwagika yote. Hakuna aliyemgombeza. Siku hiyo Eugenia alikwenda chooni akalia, na tangu siku hiyo kliniki ya Alhamisi akawa anaiona kama yake.

Sasa watoto hawaji. Olima anaandaa beseni la maji ya uvuguvugu ya kulowekea bandeji, maji yanapoa, jioni anayamwagia maua. Sylvester naye kashaingia chumba cha kliniki na futi kamba, akapima ukuta kwa ukuta. Kiti cha pili cha meno kingeenea.

"Mwisho wa mwezi," alisema. "Watoto wakija, daktari abaki. Wasipokuja, kuna hospitali Mwanza inamtaka, na sisi chumba tunakitaka."

Haya, Eugenia akaanza. Akakuta kurasa za madaktari wote zina kichwa kimoja, "Madaktari Wetu", kama vile wamezaliwa mapacha. Akampa Olima kichwa chake mwenyewe, akaweka Tarime, akaweka na wilaya ya jirani, Serengeti, akaweka siku na saa. Akaenda kwenye ramani, akakuta hospitali imechomekwa katikati ya shamba la mahindi la mtu huko nje ya Nkende, akaihamishia barabarani inakotakiwa. Maelezo ya ugonjwa aliyaandika kama daktari alivyomtajia, neno kwa neno: mguu kifundo. Mtandao ukakatika, akaandika upya. Umeme nao ukakatika, akaandika upya tena, safari hii bila hata kusonya.

Siku chache baadaye akagugo kwa simu yake. Ukurasa huo hapo, juu kabisa. Akatoka mbio mpaka ofisini kwa Sylvester. Sylvester akachukua simu yake mwenyewe, akaandika yaleyale, akashuka, akashuka tena, akakutana na mchezaji mpira mmoja anaitwa Olima na Olima mwingine anauza matrekta. Kumbe simu ya Eugenia ilikuwa imemzoea tu. Alikuwa ameufungua ukurasa ule mara nyingi mno, simu ikaona huyu mama anampenda Olima, ikamletea Olima.

"Anayekutafuta kwa jina ni yule anayekujua tayari," Eugenia alimwambia daktari mchana, wakinywa chai. "Na ugonjwa kwa jina lako hilo hakuna anayeuandika. Mimi mwenyewe nimelisikia kwako."

"Ndilo jina lake."

"Tuweke matege."

"Matege ni kitu kingine, dada. Mama akiniletea mtoto wa matege kutoka mbali huko, nimwambieje? Kwamba nilimdanganya ili aje?"

Eugenia hakuwa na nguvu za kubishana. Tena alijua daktari ana haki, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Simu ya mapokezi ikalia siku ya foleni kubwa. Dirishani wamejaa, mtu anataka cheti chake, mwingine anauliza choo, na hewani sauti ya mwanamke inakuja na kupotea.

"Haro, hapo ni hosipitari?"

"Ndiyo, karibu."

"Napiga toka huku Machochwe, Serengeti. Mtoto wangu miguu imerara."

Eugenia ni mtu wa Mbinga, lakini alishakaa Tarime vya kutosha kujua kwamba hapa l inaweza kutoka r na dunia isianguke. Akaigeuza kichwani: imelala. Na kwao Mbinga mguu uliolala ni mguu uliokufa ganzi, basi.

"Hiyo ni ganzi, mama. Mkande kwa maji ya moto kiasi, umsuguesugue. Isipopungua mpeleke zahanati hapo karibu."

"Nimkande?"

"Mkande kila siku."

"Asante, dada. Nitamkanda."

Simu ikakatika, na foleni ikamrudia. Jioni hata hakukumbuka kwamba amemwambia mtu vile.

Wiki ikaenda. Alhamisi ikaja, beseni likaandaliwa, maua yakamwagiwa. Mwezi ulikuwa unaisha, naye Olima akaanza kufunga vitabu vyake kwenye boksi lililokuja na dripu. Angalau angelalamika, Eugenia angepata wa kulalamika naye.

Ndipo Waitara, mlinzi wa getini, akaja dirishani.

"Dada Eugenia, mwambie bosi nguzo ya geti imerara. Bodaboda imeigonga."

Eugenia akatoka nje akitegemea kuikuta chini. Nguzo ilikuwa imesimama kwenye shimo lake, ila imekwenda upande.

"Hii mbona haijalala, Waitara. Imeinama."

"Si imerara upande, dada? Ingekuwa chini ningekwambia imeanguka."

Waitara alikuwa anaongea habari za nguzo, na aliendelea kuongea habari za nguzo, za bodaboda na za adabu ya vijana wa siku hizi. Eugenia alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anaiona miguu midogo, imelala upande, na mama mmoja Machochwe anaikanda kwa maji ya moto kwa sababu yeye ndiye aliyemwagiza.

Akarudi ndani, akatafuta kwenye simu ya mapokezi namba ya siku ile. Zilikuwa nyingi, moja ikawa ya muuza gesi, nyingine ya mtu aliyekosea. Iliyobaki haikupatikana. Akapiga tena, haipatikani. Kule Machochwe, pembeni mwa hifadhi, mtandao unapatikana ukipanda mahali fulani, na mtu hapandi pale kungoja kupigiwa. Akaandika kwenye Gugo, "mtoto miguu imelala". Zikamjia habari za ganzi, za sukari, za vitamini. Akaandika "imerara". Gugo likamuuliza kama anamaanisha kitu kingine.

Alikwenda kuwaambia wote wawili kwa pamoja, Sylvester na Olima, ili asirudie: ile simu ya Machochwe, na kwamba neno hilo liandikwe kwenye ukurasa.

"Imerara?" Sylvester alisema. "Kwenye tovuti ya hospitali? Eugenia, wewe umesoma. Watu watatucheka."

"Wacheke, bosi. Wakishacheka walete watoto."

"Huyo mtoto ana umri gani?" Olima aliuliza.

"Sikumuuliza."

"Miguu yote miwili?"

"Sikumuuliza, daktari. Nilimwambia aikande."

Olima hakumlaumu, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

"Andika," alisema. "Andika kama wao wanavyosema. Chini yake weka jina lenyewe la ugonjwa, na picha ya mguu wenyewe, ili mwenye matege ajue si yeye. Na jina langu pia liandike kama wanavyoniita getini."

Akaandika: Mtoto amezaliwa miguu imelala upande? Miguu imerara? Mlete kwa Dokta Olima, Dokta Orima, hapa Tarime, kila Alhamisi. Ilimuuma kuandika vile, maana baba yake alikuwa mwalimu, na kosa la r na l nyumbani kwao lilikuwa la kuchapwa. Akabonyeza hivyo hivyo.

Haikutokea siku hiyo wala kesho yake. Ilipotokea, ilitokea kwenye simu ya Sylvester, na hapo hakuna mtu wa kusema simu imemzoea nani. Juu kabisa. Tena si ajabu, ukifikiri. Dunia nzima madaktari walikuwa wanagombania maneno mazuri, na hapakuwa na mwingine aliyeandika kwamba anatibu miguu iliyorara.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi akaja bibi kutoka Kenyamonta na mjukuu, akaja mwanamke wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari akisema, "Tuligugo tu, tukawaona, tukakuja," wakaja na wengine. Maji ya beseni yakaisha ikabidi yachemshwe mengine. Sylvester akafika na futi kamba yake, akakuta koridoni hakuna pa kukanyaga kwa kandambili za watu. Akaitia futi kamba mfukoni, akaondoka. Boksi la vitabu likafunguliwa bila mtu kutangaza chochote.

Ungedhani Eugenia angelala siku hiyo usingizi wa pono. Hakulala. Kila mama aliyepita dirishani alimuuliza, "Unatoka Machochwe?" Na kila mmoja alitaja kwingine. Akawa anaiogopa Alhamisi aliyoiombea. Ile namba aliipiga kila asubuhi kabla ya chai, mpaka sauti ya yule dada wa mtandao anayesema haipatikani ikawa kama ya mfanyakazi mwenzake.

Mvua zilikuwa zimeanza alipokuja mwanamke mmoja kijana, kitenge kimelowa mpaka magotini, mtoto mgongoni amefunikwa nailoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jina la mama?"

"Mokami."

"Unatoka wapi, Mokami?"

"Machochwe."

Kalamu ikasimama. Mokami akamshusha mtoto, akamkalisha juu ya ubao wa dirisha, akamfunua nailoni. Wa kiume, mkubwa kiasi cha kukaa mwenyewe. Nyayo zake zilikuwa zinatazamana. Ngozi ya miguu ilikuwa laini, inang'aa mafuta, ngozi ya mtoto aliyeshikwashikwa kila siku.

"Nilipiga simu hapa zamani," Mokami alisema. "Kuna dada akaniambia nimkande. Nimemkanda, asubuhi na jioni. Mume wangu akasema acha, nikasema hapana, hosipitari wamesema. Zahanati nao wakanipa dawa ya ganzi. Halafu shemeji yangu akaona kwenye simu maneno kama niliyosema mimi. Yale yale."

Eugenia alitaka kumwandikia tu kadi. Angeweza. Foleni ilikuwa ndefu, Mokami hakuwa amemwona uso siku ile, na mtu akikaa kimya dirishani hudhaniwa ana kazi. Lakini alikuwa amechoka, na kunyamaza nako kunataka nguvu.

"Ni mimi, Mokami," alisema. "Dada wa kwenye simu ni mimi. Sikukuelewa. Nisamehe."

Mvua ilikuwa inapiga bati na mtoto alikuwa anavuta kalamu.

"Sauti niliijua toka uliponiitikia," Mokami alisema. "Nikangoja uniambie mwenyewe." Akamnyanyua mtoto, akampitisha dirishani mzima mzima na mafuta yake. "Basi mshike wewe, umpeleke kwa Orima. Mgongo umechoka."

Eugenia akampokea.